Utawala wa Kristo moyoni

Utawala wa Kristo moyoni ni fundisho la Kikristo kwamba Yesu, akishapokewa kama Mwokozi, hutiiwa pia kama Bwana katika mawazo, maneno, kazi na mali ya mwamini. Makala hii inalieleza kwa mifano ya Upare, hasa Bendera, kata ya wilaya ya Same, mkoa wa Kilimanjaro, Tanzania.

Msingi katika Biblia

Katika Wakolosai 3:15 Mtume Paulo anataka amani ya Kristo itawale mioyoni. Kitenzi cha Kigiriki alichotumia kilihusu kazi ya mwamuzi wa mashindano. Basi moyo uliotawaliwa bado una matakwa yanayogombana, ila mwamuzi wake anajulikana na neno lake ndilo la mwisho. Zakayo (Luka 19) alionyesha maana yake: alipomkaribisha Yesu, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu.

Historia

Wamisionari Walutheri wa Leipzig walifika Shigatini, Upare Kaskazini, mwaka 1900. Waadventista Wasabato walianza Giti, Upare Kusini, mwaka 1903. Kwa Wakatoliki, Papa Pius XI aliweka sikukuu ya Kristo Mfalme mwaka 1925, ambayo sasa huadhimishwa Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio. Same ikawa jimbo Katoliki mwaka 1977. Uamsho wa miaka ya 1930, uliotoka Rwanda na Uganda ukaingia Tanganyika, ulisisitiza kuungama hadharani, kupatana na uliowakosea na kurudisha kilichoibwa.

Wapare wanakumbuka pia utawala wa namna nyingine. Mwaka 1945 maelfu waliteremka hadi Same kupinga kodi ya mbiru iliyowekwa na serikali ya kikoloni. Amri ya kulazimishwa huishia penye macho ya askari. Kristo hutawala kwa ridhaa, na kwa sababu hiyo utawala wake hufika hata pasipo na mtu anayetazama.

Katika maisha ya kila siku

Upare, maji ni kipimo kizuri cha fundisho hili. Milimani kuna ndiva, mabwawa ya jadi ya umwagiliaji: hujaa usiku, hufunguliwa mchana, na maji hugawanywa kwa zamu. Katika tambarare za mashariki pia, kama Bendera, uhai wa mashamba hutegemea maji yatokayo milimani.

Mkulima ambaye zamu yake imekwisha husimama peke yake kando ya mfereji. Jua kali, majani ya mahindi yamejikunja. Akibomoa tope kwa kisigino, maji yatarudi shambani mwake wala hakuna atakayejua. Hapo ndipo sala ya asubuhi hujaribiwa. Anayetawaliwa na Kristo huchukua jembe, huziba mlango wake na kuyaacha maji yateremke.

Ndivyo ilivyo pia katika mizani ya muuza mpunga, ulimi wa wifi, deni la dukani, na msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya Wapare, ambao mvivu hutafuta udhuru wa kuukwepa. Mwamini hujikabidhi upya kila siku, huungama alipoanguka na kurudisha alichochukua. Jirani wa chini, maji yakifika shambani mwake kwa wakati, amekwisha kuhubiriwa.