Nafasi ya Sauti ya Tenori katika Uimbaji wa Upare: Urithi wa Leipzig

Mwaka 1840, mjini Leipzig, Robert Schumann alitunga Dichterliebe, msururu wa nyimbo 16 zinazoimbwa kwa kufuatana na mwimbaji mmoja, aghalabu mwenye sauti ya tenori, akisindikizwa na piano. Misheni ya Kilutheri iliyohamia mji huohuo mwaka 1848 ndiyo iliyojenga baadaye vituo vya Shigatini, Gonja na Mbaga. Kwa nini, basi, tenzi za kanisa zilipanda Milima ya Upare, ilhali nyimbo za aina ya Schumann hazikupanda?

Jibu la kwamba Wapare hawakuwa tayari kuupokea muziki huo halikubaliki. Misheni ilichagua kilichofaa ibada: utenzi wenye beti zinazofuata lahani moja, ambao usharika mzima uliweza kuuimba hata bila kinanda. Waadventista, waliofika Upare ya Kusini mwaka 1903, nao walithamini wimbo wa pamoja. Msururu wa nyimbo, kinyume chake, ulihitaji piano, mpigaji aliyefunzwa, na hadhira ya kumsikiliza kimya mtu mmoja akieleza mapenzi yake.

Kwa hiyo tenori ilifika Same ikiwa sauti ya tatu kati ya nne za kwaya. Mtafiti anayeipima historia hii kwa kigezo cha onesho la mwimbaji mmoja ataona pengo. Anayeanza na kwaya ataona ustadi wa kuisikiliza sauti ya jirani na kuipatanisha na yake. Tofauti hiyo ilitokana na uteuzi wa misheni, si uwezo wa waimbaji.