Thamani ya Nafasi: Beki na Kipa katika Ligi za Kubuni za Hoki

Ligi ya kubuni ni mashindano ambamo washiriki huchagua majina ya wachezaji halisi kabla ya msimu kuanza, kisha hujipatia alama kwa yale ambayo wachezaji hao huyafanya uwanjani. Nchini Kanada, ambako hoki ya barafuni inapendwa mno, mashindano hayo yaliendeshwa maofisini na majumbani kwa kalamu na karatasi, na kanuni yake ya kimapokeo ilikuwa nyepesi: bao lilihesabiwa pointi moja, na pasi iliyozaa bao vilevile pointi moja. Kwa kanuni hiyo tupu, beki na mshambuliaji walipimwa kwa mizani ileile, na kipa, ambaye kazi yake ni kuzuia, hakuwa na cha kuhesabiwa.

Udhaifu wa mpango huo ulidhihirika alipong'ara Wayne Gretzky wa Edmonton Oilers. Katika msimu wa 1985–86 alipata pointi 215, ambazo 163 kati yake zilikuwa za pasi, kiasi kwamba hata kama mabao yake yote 52 yangefutwa, bado angemzidi Mario Lemieux aliyeshika nafasi ya pili kwa pointi 141. Mshiriki aliyepata zamu ya kwanza ya kuchagua alikuwa amewaacha wenzake mbali kabla mechi moja haijachezwa, na ndiyo maana baadhi ya ligi zilimgawa Gretzky kuwa wawili, mmoja wa mabao na mwingine wa pasi.

Suluhisho la kudumu zaidi lilitokana na besiboli. Mwaka 1980, Daniel Okrent na wenzake wa New York walianzisha ligi iliyopewa jina la mkahawa wa La Rôtisserie Française, ambamo kila kikosi kilipaswa kuwa na wachezaji waliogawanywa kwa nafasi zao. Mgawanyo wa namna hiyo ulipotumika katika hoki, thamani ya mchezaji haikutegemea tena wingi wa pointi zake peke yake, bali pia umbali kati yake na yule ambaye angebaki kuchukuliwa katika nafasi hiyohiyo.

Msimu uleule wa 1985–86 unalionyesha jambo hili waziwazi. Paul Coffey, beki wa Edmonton, alipata pointi 138, ilhali mabeki waliomfuata walikuwa na 82 tu. Upande wa washambuliaji, ukimwondoa Gretzky, Lemieux alikuwa na 141, Jari Kurri 131 na Mike Bossy 123. Aliyemkosa Lemieux aliweza kujifariji kwa Kurri na kupoteza pointi 10, lakini aliyemkosa Coffey alipoteza 56, hasara ambayo hakuna mshambuliaji wa kawaida angeweza kuifidia.

Suala la makipa ni gumu zaidi, nalo ndilo linalostahili kufikiriwa kwa makini. Ligi kuu wakati huo ilikuwa na timu 21, na langoni husimama mtu mmoja. Washiriki 10 wakitakiwa kuwa na makipa wawili kila mmoja, wanahitajika makipa 20, yaani karibu wote wa kutegemewa. Aidha, pale zamu zinapogeuzwa kila raundi, anayeanza wa kwanza hasubiri zamu tisa tu bali kumi na nane kabla ya kuchagua tena, na katika muda huo makipa bora huweza kwisha. Uhaba huo unamshawishi mtu awawahi mapema, lakini kiwango cha kipa huyumba kuliko cha mfungaji. Jim Carey wa Washington Capitals alitwaa Vezina, tuzo ya kipa bora, mwaka 1996. Kabla msimu uliofuata haujaisha alikuwa ameshapelekwa Boston, na kufikia 1999 hakuwamo tena katika ligi.