Sonona kwa vijana balehe

Sonona, au unyogovu, ni ugonjwa wa akili unaodidimiza moyo wa mtu, hamu yake na nguvu zake kwa wiki mbili au zaidi, hadi masomo, usingizi, mlo na uhusiano wake na watu vikavurugika. Kwa vijana balehe, yaani wenye miaka 10 hadi 19, mara nyingi hujitokeza kama hasira, utoro au maumivu ya mwili, hivyo kijana huadhibiwa kabla ya kutibiwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mmoja kati ya saba wa umri huo ana tatizo fulani la afya ya akili. Sonona hutibika, na kwa kawaida tiba yake ya kwanza ni mazungumzo.

Majina

Jina sonona limetokana na kitenzi kusonona, yaani kuumia moyoni. Wahudumu wa afya Tanzania hulitumia sana. Kenya husikika zaidi unyogovu. Nyumbani watu husema tu kwamba mtoto "ana mawazo". Msongo wa mawazo ni kitu kingine: una chanzo kinachojulikana, na mtihani ukipita nao hupita. Sonona hubaki. Watafiti waliofanya kazi na vijana Waacholi kaskazini mwa Uganda walianza kwa kuwauliza wenyeji mateso hayo huyaitaje. Wakatajiwa two tam, par na kumu, hali ambazo dalili zake zilishabihiana sana na za sonona ya vitabu vya udaktari.

Dalili

Mwongozo wa utambuzi wa Marekani, DSM-5, unataja dalili tisa: huzuni, kuishiwa hamu, kubadilika kwa mlo au uzito, usingizi kuvurugika, mwili kuzubaa au kutotulia, uchovu, kujiona hufai au mwenye hatia, akili kutotulia kwenye jambo, na mawazo ya kifo. Zinahitajika tano, mojawapo ikiwa huzuni au kuishiwa hamu. Kwa watoto na vijana, hasira za mara kwa mara huweza kuhesabiwa mahali pa huzuni.

Mfano ni msichana wa kidato cha pili, shule ya bweni. Ndani ya mwezi mmoja amekwenda kwa matroni mara nne akilalamikia kichwa na tumbo. Kila mara amepewa panadoli na kurudishwa darasani. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Netiboli ameiacha, usiku anakesha, mchana anasinzia. Mwalimu alipomuuliza kuhusu daftari tupu, alimjibu kwa ukali, akachapwa. Kila tukio peke yake ni dogo. Yakiwekwa pamoja, yanamwonyesha mtu aliyebadilika, na mabadiliko hayo, pamoja na muda yaliodumu, ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Visababishi

Hakuna chanzo kimoja. Urithi una nafasi yake: mtoto wa mzazi aliyeugua sonona yuko katika hatari zaidi. Visababishi vingine ni kufiwa, ukatili wa nyumbani, kunajisiwa, kuonewa shuleni, ufukara, na maradhi ya kudumu kama selimundu au VVU. Baada ya kubalehe, wasichana huugua takriban mara mbili ya wavulana.

Utambuzi

Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha sonona. Damu hupimwa ili kuondoa shaka ya maradhi yanayofanana nayo, kama upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya thairoidi. Mhudumu huongea na mzazi, kisha na kijana peke yake, maana mengi hayasemeki mbele ya baba. Dodoso la PHQ-9, ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili, huuliza maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla ya 10 au zaidi hudai uchunguzi wa kina. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Wengi huogopa kuliuliza wakidhani litamtia mtoto wazo hilo, lakini tafiti hazikuthibitisha hofu hiyo.

Tiba

Sonona nyepesi huweza kutulia kwa usingizi wa kutosha, mazoezi na kuondolewa kwa kinachomsumbua kijana, huku akifuatiliwa kwa karibu. Ikizidi, hutumika tiba ya kuzungumza. Aina moja humfundisha kuyapima mawazo kama "mimi sifai" badala ya kuyaamini, na kurudia kidogo kidogo shughuli alizoziacha. Nyingine hushughulikia uhusiano wake na watu, msiba au ugomvi. Hiyo ya pili ilijaribiwa kwa vikundi katika kambi za wakimbizi wa ndani kaskazini mwa Uganda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha nafuu kubwa kwa wasichana kuliko wavulana. Nchini Kenya, mpango wa Shamiri hutumia vijana waliomaliza sekondari kuendesha vikao vinne vya kikundi shuleni, na jaribio lake la mwaka 2021 lilionyesha dalili za sonona zikipungua.

Dawa hufuata pale mazungumzo yasipotosha au ugonjwa unapokuwa mkali. Inayopendekezwa zaidi kwa vijana ni fluoksetini. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 uliohusisha vijana 439, baada ya wiki 12 asilimia 71 ya waliopata dawa pamoja na mazungumzo walipata nafuu, dhidi ya 61 ya waliopata dawa pekee, 43 ya mazungumzo pekee, na 35 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Nafuu huchukua wiki nne hadi sita. Tangu mwaka huohuo wa 2004 dawa za sonona hubeba onyo Marekani kwamba zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa baadhi ya vijana, hivyo wiki za mwanzo huhitaji uangalizi. Amitriptilini, iliyozoeleka katika zahanati nyingi, haina faida kubwa kwa umri huu, na ikizidishwa huua.

Dharura

Kijana anayesema anataka kufa haachwi peke yake. Dawa za wadudu, vidonge na vitu vyenye ncha kali huondolewa nyumbani, naye hupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bila malipo Kenya, Tanzania na Uganda. Hofu ya sheria imewanyamazisha wengi, kwa kuwa nchini Kenya jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha sheria kinacholifanya kosa kinapingana na katiba.

Mwelekeo wa ugonjwa

Wengi hupona, lakini sonona hujirudia. Dawa huendelezwa miezi sita hadi kumi na miwili baada ya nafuu, kisha hupunguzwa taratibu kwa ushauri wa daktari. Familia hushauriwa kukumbuka dalili iliyotangulia zote mara ya kwanza. Kwa yule msichana, ilikuwa ni kwenda kwa matroni akishika kichwa.