Kamba na Nyoka: Daraja za Maarifa katika Falsafa ya Advaita

Jua likizama ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, na giza likianza kuyafunika majabali ya Igogo, mtu ateremkaye ufuoni penye mitumbwi huenda akaruka kwa hofu, akidhani amekanyaga nyoka, hata aletewapo karabai akaona kuwa ni kamba ya nanga tu. Nyoka hakuuawa wala hakukimbia. Tangu awali hakuwapo. Kwa mfano huu wanazuoni wa Kihindu wa Advaita, wasioukubali uwili baina ya nafsi ya mtu na Asili ya vyote waiitayo Brahman, wamefundisha kwa zaidi ya miaka elfu moja; nao mfano umezaa suala zito: ikiwa nyoka hutoweka kwa mmuliko mmoja, daraja za safari ni za nini?

Wahindu waliokuja Mwanza, hasa baada ya reli ya Uganda kufika Kisumu mwaka 1901, na tena baada ya reli ya Tabora kuufikia mji huu mwaka 1928, aghalabu asili yao ni Gujarat. Ibada ya wengi wao ni ya mahaba kwa Mungu mwenye jina na sura, wala si ya Advaita. Lakini katika pwani ya kwao ndiko uliko mji wa Dwarka, wenye mojawapo ya vyuo vinne ambavyo mapokeo yanavinasibisha na Shankara, imamu wa falsafa hii, aliyeishi yapata karne ya 8.

Tukirudi kwenye suala la daraja, katika Chandogya, mojawapo ya Upanishad kongwe, yaani maandiko matakatifu ya Kihindu, ngazi haionekani. Uddalaka amwamuru mwanawe Shvetaketu atie chumvi majini usiku, na asubuhi aitafute. Kijana apapasa asiipate, ila kila aonjapo, juu, kati na chini, ni chumvi tupu. Hivyo ndivyo Asili ilivyoenea, baba amfahamisha, nayo ndiyo nafsi yako. Neno hilo alilirudia mara tisa, nami naona kwamba kurudia huko ndiko mbegu ya daraja zote zilizofuata, kwani haki haikuongezeka hata chembe kutoka mara ya kwanza hadi ya tisa. Aliyekuwa akifunguka ni msikiaji.

Shankara hakukubali kwamba maarifa yenyewe yana nusu na robo. Alichoweka ni masharti ya mwanafunzi: kupambanua cha kudumu na cha kupita, kutotamani malipo ya dunia wala ya akhera, utulivu na subira na yanayofuatana nayo, na shauku ya kukombolewa, kisha kusikia, kutafakari, na kuzama katika kilichosikiwa. Kitabu cha Yoga Vasishtha ndicho kilichohesabu daraja saba, tangu nia njema hadi hali ipitayo kukesha, kuota na kulala, na wafasiri wakasema maarifa huchomoza katika ya nne, zilizobaki zikawa za kukomaa.

Kukomaa huko ndiko kulikomshughulisha Vidyaranya, mwanazuoni wa Advaita, katika karne ya 14. Upanishad nyingine husimulia kuwa Mfalme Janaka alitenga ng'ombe elfu moja, pembe zao zimefungwa dhahabu, wawe wa mjuzi kuliko wote. Mwalimu mmoja, Yajnavalkya, hata mjadala haujaanza, akamwambia mwanafunzi wake awaswage nyumbani. Msukuma yeyote ajua uzito wa ng'ombe elfu moja. Vidyaranya hakuyatilia shaka maarifa ya Yajnavalkya, bali aliona kuwa mtu anayejua hivyo, na bado akapenda kushinda, hajapata raha ya jivanmukti, yaani ukombozi wa aliye hai. Kwa hiyo akausia mambo matatu yafanywe pamoja: kuijua haki, kuzifisha hawaa zilizojikita nafsini, na kuituliza fikira. Naye huyo huyo aliurudia mfano wa kamba, akaangalia jambo dogo ambalo wengi walilipita: taa imekwisha letwa, kamba yaonekana wazi hata nyuzi zake, na mikono ya mtu yule ingali ikitetemeka.