Mtafiti anayesomea uzamivu akikukuta kliniki: mambo ya kujua kwa mama na mlezi

Umefika kliniki na mtoto mgongoni, kadi mkononi. Kabla hajapimwa uzito, dada mmoja anakuita pembeni na kukuomba ushiriki kwenye utafiti. Anasema ni utafiti "wa daktari anayesoma". Wilaya za Korogwe na Handeni zimefanyiwa tafiti nyingi za malaria, ujauzito na afya ya watoto, hivyo ombi kama hili si geni kwa akina mama wa huku. Hapa tunaeleza huyo anayesoma anasomea nini, damu au majibu yako yanakwenda wapi, na unachoweza kuuliza kabla ya kuweka sahihi.

Huyu "daktari" ni daktari gani?

Neno daktari linachanganya. Daktari anayekutibu hospitalini amesomea udaktari wa binadamu kwa miaka mitano, kisha akafanya kazi chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja. Mtu mwingine huitwa daktari kwa sababu ana shahada ya uzamivu, yaani ngazi ya juu kabisa ya masomo ya chuo kikuu, juu ya uzamili. Huyo anaweza kuwa hajawahi kumtibu mgonjwa hata mmoja. Ili apewe shahada hiyo lazima afanye utafiti wake mwenyewe, auandike, na autetee mbele ya watahini.

Kuna pia uzamivu wa kitaaluma wa afya ya jamii, kwa kifupi DrPH. Huu umewekwa kwa watu ambao tayari wako kazini wakiongoza: waganga wakuu, wasimamizi wa chanjo, viongozi wa mashirika ya afya. Chuo cha London School of Hygiene & Tropical Medicine kinautoa, na Harvard cha Marekani kilianzisha mpango wake mpya mwaka 2014. Tofauti yake na uzamivu wa kawaida iko kwenye swali. Mtafiti wa kawaida anaweza kuuliza vimelea vya malaria hujifichaje kwenye kondo la nyuma. Kiongozi anayesomea DrPH atauliza kwa nini dawa ya SP inaisha zahanati wakati iliagizwa, au kwa nini akina mama wanaanza kliniki wakiwa na mimba ya miezi mitano. Ndiyo maana huyu wa pili mara nyingi hahitaji damu yako. Anahitaji maneno yako.

Watumishi wengi wa afya nchini husomea uzamili wa afya ya jamii, na wanaoendelea hufanya uzamivu wa kawaida katika vyuo kama Muhimbili (MUHAS) Dar es Salaam na chuo cha KCMC Moshi, au nje ya nchi. Kwako wewe uliyekaa kwenye benchi la kliniki, jina la shahada halibadilishi haki zako.

Akina mama wa huku wamechangia nini?

Wamechangia mengi, na ni vizuri uyajue, maana mara nyingi matokeo huandikwa kwa Kiingereza na kuishia kwenye majarida ambayo hakuna anayeyaona Segera wala Mkata.

Kati ya mwaka 2008 na 2010, wajawazito wa Korogwe walifuatiliwa kwa picha za ultrasaundi tangu mimba ikiwa changa. Kutokana na picha hizo ilitengenezwa chati ya uzito wa mtoto akiwa tumboni, iliyotokana na akina mama wa Afrika Mashariki badala ya wa Ulaya. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba malaria ya mwanzoni mwa mimba, hata kabla ya mama hajafika kliniki, inaweza kudumaza ukuaji wa mtoto tumboni. Baadaye, mwaka 2014 hadi 2016, wanawake wa Korogwe na Handeni waliandikishwa kabla hata ya kushika mimba, ili watafiti waone upungufu wa damu unaanza lini na unamfanyia nini mtoto. Kazi hizo zilifanywa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) pamoja na Chuo Kikuu cha Copenhagen cha Denmark, na baadhi ya watafiti walipatia humo uzamivu wao.

Korogwe pia ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Watoto 15,459 walishiriki kwa jumla. Walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote 4 waliugua malaria pungufu kwa takribani asilimia 36 katika muda wa miaka kama minne. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021. Mtoto aliyechanjwa mwanzoni kabisa alikuwa amekaribia kumaliza shule ya msingi. Utafiti huchukua muda, na anayekuahidi faida ya haraka kwa mwanao hakuelezi ukweli wote.

Je, SP bado inafaa?

Swali hili akina mama wanauliza sana, na lilitokana na utafiti wa huku huku. Ilionekana Korogwe kwamba vimelea vya malaria vimejenga usugu mkubwa dhidi ya SP, na wajawazito walioambukizwa vimelea vyenye usugu wa juu kabisa walizaa watoto wenye uzito mdogo zaidi. Ikawa busara kutafuta dawa nyingine. Mwaka 2018 na 2019, wajawazito 4,680 wa Kenya, Malawi na Tanzania, wakiwemo wa Mkoa wa Tanga, walishiriki utafiti uliolinganisha SP na dawa iitwayo dihaidroatemisinini-piperakuini (DP).

Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yaliwashangaza wengi. DP ilizuia malaria vizuri zaidi. Lakini mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa mdogo au kabla ya wakati, au kufariki katika siku zake za kwanza, yote kwa pamoja yalitokea kwa asilimia 27.9 ya waliomeza DP peke yake, na asilimia 23.3 ya waliomeza SP. Kwa hiyo SP bado inatolewa. Imeze mbele ya nesi baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba, kisha kila baada ya mwezi mmoja hadi kujifungua, angalau mara tatu. Kama unatumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU, usimeze SP, mwambie nesi. Kama umeandikiwa foliki asidi ya miligramu 5, mwonyeshe pia, kwa kuwa kiwango hicho hupunguza nguvu ya SP. Na chandarua chenye dawa hakina mbadala.

Kabla ya kuweka sahihi

Utafiti wowote unaohusisha watu lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili. Mtafiti akitoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha COSTECH. Una haki ya kuonyeshwa. Fomu ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili unachokielewa. Kama husomi, asomewe pia shahidi uliyemchagua wewe, ndipo uweke dole gumba. Si lazima ujibu siku hiyo hiyo. Unaweza kurudi nyumbani, ukazungumza na mume, mama mkwe au shangazi, kisha ukaamua.

Uliza wazi: damu itatolewa kiasi gani na mara ngapi? Itabaki Tanzania au itasafirishwa? (Ikisafirishwa lazima kuwe na mkataba na kibali.) Mtoto akidhurika nani atamtibu? Nauli italipwa? Na matokeo tutaletewa lini kijijini? Swali hili la mwisho watafiti wengi hulijibu kwa haraka haraka, kwa hiyo lirudie.

Ukikataa, au ukikubali kisha ukajitoa katikati, huduma zako za kawaida hazipungui. Chanjo, SP, chandarua na vipimo vya kliniki ni haki yako.

Mtafiti akiwa ndiye mkubwa wa nesi wako

Hapa ndipo uzamivu wa viongozi una ugumu wake. Anayesoma anachunguza kazi anayoisimamia mwenyewe. Mganga mkuu akikuuliza kama wahudumu wake wanakutukana wakati wa kujifungua, na nesi aliyekutukana yuko hatua tatu kutoka hapo, utamwambia ukweli? Wengi wetu tungesema "huduma ni nzuri" na kuondoka. Jibu hilo halikusaidii wewe, wala yeye, maana alitaka kujua tatizo liko wapi.

Kwa hiyo ni halali kusema: "Naomba nihojiwe na mtu asiyefanya kazi hapa, na si kwenye kituo." Mtafiti mzuri atakuwa ameshapanga hivyo tangu mwanzo. Jina lako lisiandikwe kwenye karatasi ya majibu, itumike namba. Akikuhoji ukiwa na wenzako, kumbuka kwamba yeye anaweza kutunza siri lakini hawezi kuwaahidi jirani zako watafanya hivyo. Ya ndani sana yaseme mkiwa wawili.

Nakala ya fomu ni yako. Ina namba ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili. Ihifadhi pamoja na kadi ya kliniki, na ukiona jambo halijakaa sawa piga ile ya kamati.