Makonyo

Ukifika Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, harufu hukupokea kabla ya jengo. Hapo ndipo makonyo, vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, hupikwa kwa mvuke hadi yatoe mafuta.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, jina lililotokana na Eugenia, jina la kisayansi la zamani la mkarafuu. Wakemia wa Ulaya, tangu mwishoni mwa karne ya 19, waliipanga upya molekuli yake, wakaikata, wakapata vanilini, yenye ladha ya vanila. Daktari wa meno naye huichanganya eujenoli na oksidi ya zinki kuzibia jino.

Konyo lastahili ukurasa katika vitabu vyetu vya kemia. Walimu wa Pemba, lianzishieni somo.