RNA inayojikata yenyewe

Leo naweka programu kando kidogo. Thomas Cech na wenzake huko Boulder, Marekani, walikuwa wakisaka kimeng'enya kinachoondoa introni, kipande cha RNA kisichotakiwa, katika kiumbe cha seli moja kiitwacho Tetrahymena. Hawakukipata. Labda kuna protini iliyong'ang'ania RNA? Mwaka 1982 wakaitengeneza RNA hiyo upya, bila protini yoyote ya Tetrahymena. Ikajikata vilevile!

Introni hujikunja, hushika guanosini, nayo hukata mwanzo wake. Ncha iliyoachwa huru hushambulia mwisho, vipande viwili vikaungana. Faili inayojihariri bila kompaila, jamani. Mimi ningeiita hitilafu.

Vitabu vilifundisha kwamba vimeng'enya vyote ni protini. Mwaka 1989 Cech na Sidney Altman wakapewa Nobel ya kemia.